Sweta Lililogoma Mabegani

Kwa Bi Kaza, mtu alijulikana kwa upande wake wa ndani. Ungemwendea umevaa sweta zuri, limekukaa kama umezaliwa nalo, na marashi umejipulizia juu yake. Yeye angekudaka pindo la mkono kabla hujamaliza kusema hodi, aligeuze nje ndani, atazame mafundo na ncha za nyuzi, kisha aliachie kama mtu aliyeshika konokono. "Aha," angesema. Basi, hakuna zaidi. Ile "aha" ilishawavunja moyo wafumaji watatu wa mtaa ule, na mmoja wao alitupa sindano kabisa akaenda kufuga kuku.

Yeye mwenyewe alifuma masweta ya shule miaka ishirini na mbili. Rangi moja, shingo ya pembe, mikono miwili, mbwembwe hakuna. Na alikaza. Jina lenyewe alipewa kwa sababu hiyo. Sweta la Bi Kaza lilivaliwa na kaka, likashuka kwa mdogo wake, likahamia kwa binamu, na siku lilipochoka kuvaliwa lilifanywa kishikio cha sufuria likatumika miaka mingine mitano. Watoto walilalamika kwamba linawakwaruza shingo. Wacha walalamike. Sweta si mto wa kulalia.

Sasa mtu wa namna hiyo, Jumamosi moja saa nne asubuhi, alionekana akipiga hodi mlangoni kwa wifi yake, mfuko wa sindano kwapani, amekuja kusoma.

Kusoma! Tena kwa Profesa!

Profesa ni jina ambalo ukoo mzima ulimpa huyo wifi, dada wa mume wa Bi Kaza, kwa sababu hapakuwa na kitu asichokifundisha. Mwaka mmoja alifundisha kutengeneza sabuni, na watu wakawashwa ngozi. Mwaka uliofuata alifundisha kupamba keki. Kisha akakaa miezi sita na simu yake, akaibuka siku moja akitangaza kwamba sasa anafundisha kufuma kwa rangi nyingi: uzi huu mkono wa kulia, uzi ule mkono wa kushoto, na maua yanachipua kifuani mwa sweta. Alijichapishia cheti, akakitia fremu, akakitundika sebuleni kwake, juu ya televisheni.

"Mtu anajipa cheti mwenyewe," Bi Kaza alimwambia mumewe. "Si ajipe na urithi."

"Ni dada yangu huyo," mume alisema, bila kuinua macho kwenye gazeti.

"Ndiyo maana sijamaliza kusema."

Basi kilichompeleka hapo mlangoni ni kinywa chake mwenyewe. Binti yake wa mwisho, kitindamimba, muuguzi, alikuwa amepata kazi nchi ya baridi, ile baridi ya kweli ambayo maji ya bombani yanaganda. Wiki sita zilibaki aondoke. Siku habari zilipofika, nyumba ilijaa kama kawaida ya nyumba ile: ndugu, majirani, na watu ambao mpaka leo hakuna anayejua walikuja na nani. Katikati ya kelele hizo binti akatoa simu, akawaonyesha picha ya sweta lenye maua meupe na mekundu yaliyozunguka kifua kizima, juu ya bluu nzito.

"Mama, nataka la hivi. Nipande nalo ndege."

"Nitakufumia la bluu tupu," Bi Kaza akasema. "Zito. Upepo wenyewe utapiga hodi na kurudi."

"La bluu tupu nimevaa miaka saba, mama. Shingo yangu bado inakumbuka."

Watu wakacheka. Hapo ndipo wifi mtu, aliyekuwa amekaa kwenye kochi zuri kuliko yote, akanyoosha mkono kumvuta binti kwake.

"Njoo kwa shangazi yako, mwanangu. Mama yako huyo, ukimletea uzi wa pili ataununia kama mke mwenza."

Nyumba ikapasuka. Hata mume alicheka, akajifanya anakohoa. Bi Kaza akasimama, kikombe mkononi, akasema maneno ambayo baadaye angetamani ayarudishe tumboni: "Mtoto wangu hatatoka humu na sweta la mtu mwingine mgongoni. Nitalifuma mimi. Maua na matawi yake. Na siku ya kumuaga atalivaa mbele yenu nyote, muone."

Kesho yake akakaa na nyuzi mbili. Kesho kutwa akakaa nazo tena. Siku ya tatu zilikuwa zimesokotana kiasi cha kutofunguka ila kwa mkasi, na ua lililotokea lilifanana na yai lililoanguka sakafuni. Simu hakuijua zaidi ya kupokea na kukata. Mtaa mzima aliyejua kazi ile alikuwa mmoja tu.

"Karibu, mwanafunzi," Profesa akasema mlangoni, mdomo umemjaa sukari. "Viatu hapo. Kiti cha nyuma, wale wa mbele walishaanza."

Sebule ilipangwa viti vya plastiki kama ya msiba. Simu ilisimamishwa ikiegemea chombo cha maua ya bandia, ili mwalimu ajikumbushe alichosahau. Bi Kaza aliketi, akazungusha macho, na kila alichokiona kilimpa raha ya kudharau. Mbele kabisa alikaa mke wa daktari wa meno, mwenye sindano za mianzi na kikapu cha nyuzi za rangi kumi na nne, ambaye kwa wiki tano alikuwa amefuma kitu chenye ukubwa wa leso na kukipiga picha mara mia. Kando yake alikaa kinyozi. Ndiyo, kinyozi, mwanamume mzima mwenye kitambi, duka lake liko kona ya pili. Alisema amekuja kufuma kofia za wateja anaowanyoa kipara.

"Unawanyang'anya nywele kisha unawapa kofia," Bi Kaza akamwambia. "Biashara yako haina hasara."

"Mama yangu, ndiyo akili hiyo," kinyozi akasema, akaendelea kufuma. Na alifuma. Mikono yote miwili ilikwenda kwa pamoja, uzi mweusi kulia, mweupe kushoto, taratibu, huku anasimulia mambo ya ndoa ya mteja fulani bila kuangalia chini. Bi Kaza aliona hilo, akaamua halimhusu.

Profesa akaanza somo. Kwanza alieleza karatasi ya miraba: kila mraba ni kitanzi kimoja, mraba mtupu ni bluu, mraba wenye alama ni rangi ya ua. Kisha akaeleza mikono. Rangi ya ua ikae kushoto, ya ardhi, ile bluu, ikae kulia, na zisibadilishane njiani, la sivyo ua litafifia katikati ya safari.

"Na sasa kubwa kuliko yote," akasema, akainua kidole. "Uzi usiotumika haulali usingizi. Unapita nyuma ya kazi, unangoja zamu yake. Ukipita pale nyuma, uache upumue. Usiukaze. Tandaza vitanzi kwenye sindano kwanza, ndipo upitishe. Legeza. Jamani, legeza."

Akageuza sweta lake la mfano ili waone. Bi Kaza alikwishainuka kitini. Alilishika, akalisogeza dirishani. Nyuma ya maua, nyuzi zilipita kwa mapana kutoka ua hadi ua, zimelegea kidogo kama kamba ya kuanikia nguo. Kidole kingeweza kuingia. Akakiingiza. Kikaingia.

"Aha," akasema.

"Aha nini, wifi?"

"Hakuna. Naona tu kwamba hapa panya anaweza kupanga chumba."

Mke wa daktari wa meno akaangua kicheko, akajiziba mdomo. Profesa hakucheka. "Cheka tu, wifi. Wewe kazi yako ni kuta za jela. Hii ni kazi nyingine. Uzi wa nyuma ukiukaza, mbele utakunjamana na sweta halitapanuka. Kwanza nyote mtafuma kipande cha majaribio, kama kiganja, tupime."

"Kipande cha majaribio ni cha mtu asiyejua idadi yake," Bi Kaza akasema. "Kifua cha binti yangu ni vitanzi mia mbili na vinne. Nimemvisha tangu chekechea."

"Mia mbili na vinne vya rangi moja."

"Kitanzi ni kitanzi."

"Haya, mama," Profesa akasema, akaikunja karatasi yake ya miraba na kumpa. "Kitanzi ni kitanzi."

Jumamosi nne alikwenda. Na ukweli usemwe hata kama unauma: mikono ile ya miaka ishirini na mbili ilikamata kazi haraka kuliko ya wote. Wiki ya kwanza uzi wa kushoto ulikuwa unamponyoka kama sabuni. Wiki ya pili ulitulia. Wiki ya tatu aliwapita wote pale sebuleni, akabaki yeye na kinyozi tu, sindano zinagongana, wengine wanatazama.

Lakini alikaza. Kila uzi ulipopita nyuma, kidole chake cha shahada kiliuvuta, chenyewe, kama kinavyojua kuvuta tangu zamani. Profesa akipita nyuma ya viti husema, "Legeza, wifi," naye husema, "Nimesikia," na kidole kinavuta. Moyoni alisema: legeza ni neno la wavivu. Anayelegeza ni yule asiyetaka kazi yake imdumu. Wifi yake alilegeza sabuni ikamwagika, akalegeza keki ikabonyea, akalegeza na ndoa mbili; sasa anataka kila mtu alegee naye.

"Mama yangu," kinyozi alimwinamia Jumamosi ya mwisho, sauti chini, "lako hilo linavutika kweli?"

"Lina kazi gani ya kuvutika? Ni sweta au manati?"

"Nauliza tu. Kofia yangu ya kwanza ilimbana mteja hadi akaona nyota."

"Mteja wako ana kichwa kikubwa," Bi Kaza akasema, na kwa kweli mteja yule alikuwa nacho, kwa hiyo mazungumzo yakaishia hapo.

Alifuma kila asubuhi baada ya chai na kila alasiri barazani, ambapo wapita njia husimama na kutoa maoni. Mwili ulipanda kwa mzunguko, bila mshono, kwenye sindano ndefu iliyounganishwa kwa waya, kwa hiyo sweta lilikuwa limejikusanya pale kama mtu aliyejikunyata, wala hukuweza kuona upana wake. Mikono aliifuma bluu tupu. Alipomaliza shingo, akalitoa kwenye sindano, akalitandaza mezani, akalitazama.

Maua yalikuwa mazuri. Meupe, kila moja na kitovu chekundu, yamezunguka kifua kizima. Kweli pale kwenye maua sweta lilikuwa limeingia ndani kidogo, kama kiuno cha nyigu, na bluu ya juu na ya chini imetuna. Bi Kaza akaona. Akasema, maji yatalifungua. Akaliloweka, akalitandaza juu ya taulo, akalibana kwa pini pembeni, akalivuta kwa nguvu zake zote. Lilipokauka akatoa pini, nalo likarudi kiunoni mwake kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Basi hapo ndipo mtu mwingine angepima kwa futi. Yeye alifanya alichozoea kufanya. Akaligeuza nje ndani.

Lo! Nyuma ilikuwa laini kama ukuta uliopigwa lipu. Nyuzi zimelala, zimenyooka, zimekaza, ukizipapasa zinalia kama za gitaa. Kidole kisingeingia, sindano yenyewe ingeomba ruhusa. Hakuna panya. Alisimama pale mezani akaipapasa nyuma ile muda mrefu, akamcheka wifi yake peke yake, kisha akalikunja na kulitia mfukoni. Hakumjaribisha binti. Alitaka wote waone kwa pamoja.

Siku ya kuaga ilikuwa Jumapili. Ndege ilikuwa Jumatatu mchana. Nyumba ilifurika hadi uani. Kinyozi alikuja na kofia nne. Mke wa daktari wa meno alikuja na leso yake, sasa imefikia ukubwa wa taulo la mikono. Profesa alikuja na mfuko wa karatasi wenye utepe, akauweka miguuni pake, na kila aliyekuwamo alijua kilichomo ndani.

"Umelegeza?" akamwuliza Bi Kaza, anatabasamu.

"Utaona."

Bi Kaza akalitoa, akalipeperusha. Watu wakasema "Aaa!" na kweli walikuwa na haki. Binti akarukaruka, akambusu mama yake, akainua mikono kama mtoto anayevishwa. Kichwa kikapita. Mikono ikaingia. Mama akavuta pindo chini, na sweta likafika mabegani, pale ambapo maua yalianzia kukutana na mtu, likasimama.

Akavuta. Likasimama.

"Shusha pumzi, mwanangu."

"Nimeshusha, mama."

Akavuta kwa mikono miwili, goti limeegemea kochi. Binti alikuwa ameinua mikono yote juu, haishuki wala haipandi, kichwa kimezama tena ndani ya shingo, na kati ya mikono ile palionekana nywele kidogo tu. Kutoka ndani ya sufu sauti ikasema, "Mama, mnanivisha au mnanikamua?"

Hapo hakuna aliyejizuia. Mjomba mmoja alitoka nje kabisa akacheka akishika nguzo. Mume wa Bi Kaza alifunika uso kwa gazeti, gazeti likatetemeka. Bi Kaza peke yake hakucheka. Mikono yake bado ilikuwa inavuta, kwa kuwa hakujua ifanye nini kingine. Ilibidi kinyozi aje, ambaye amezoea vichwa, amwinamishe binti, alivute sweta kwa nyuma kama anavyovua shuka la kunyolea, mpaka binti akatoka upande wa pili mwekundu macho, hereni moja imepotea.

 Profesa alifungua utepe wake polepole, akatoa sweta. Bluu ile ile, maua yale yale. Binti alimtazama mama yake kwanza, kisha akalivaa, na likashuka lenyewe, mabegani, kifuani, kiunoni, maua yakapanuka na kutulia.

Bi Kaza akaenda moja kwa moja akamdaka binti pindo, akaligeuza. Watu wakasogea kuona, wanamjua. Nyuma yake nyuzi zilipita zimelegea, kama zile za siku ya kwanza. Akalivuta sweta pembeni. Nyuzi zikanyooka, zikafika pale zilipotakiwa kufika, zikasimama. Akaliachia, zikarudi. Zilikuwa sawasawa kabisa. Hapakuwa na hata moja iliyopita kiasi. Alitafuta moja tu, roho yake ifurahi, asiipate.

"Sema aha," Profesa akasema.

Bi Kaza akalirudisha pindo mahali pake.

"Nilikwambia legeza. Jumamosi nne. Nimesema legeza hadi kasuku wa jirani amejua. Lakini wewe nani akufundishe? Wewe ni wa kufuma magereza. Haya, mtoto anakwenda na la kwangu, na wewe hilo lako mvalishe mtungi."

"Shangazi, basi," binti akasema.

"Basi nini? Alisema mbele ya watu. Na mimi nasema mbele ya watu."

Na ni kweli alisema mbele ya watu. Ndiyo ilikuwa shida yote. Bi Kaza aliliokota sweta lake kochini. Kufumua na kuanza upya, mwezi mzima. Ndege, kesho mchana. Alilikunja, akalikunjua. Mtoto wake ataondoka na sweta la mtu mwingine mgongoni, na yeye atabaki na hili na ndugu wa mume watakaolisimulia kila wakikutana, miaka kumi, mpaka wajukuu waje waoneshwe.

"Kuna njia," kinyozi akasema, akijikuna shingo. "Kwenye simu ya mwalimu tuliona. Linakatwa."

"Nani akate nini?"

"Sweta. Katikati mbele, juu hadi chini. Linashonwa kwanza, mistari miwili, kisha linakatwa kati yake. Linakuwa la kufunga kwa vifungo. Ukiongeza mapindo mapana ya vifungo huku na huku, kifua kinapata nafasi. Si ndivyo, mwalimu?"

Watu wote wakamgeukia Profesa, naye kwa mara ya kwanza siku ile tabasamu likamlegea.

"Ndivyo," akasema. "Lakini si kazi ya kila mtu."

"Nifundishe," Bi Kaza akasema.

"Sikusikia."

"Una masikio kama wengine."

"Wifi, sikusikia. Na hawa uani hawajasikia."

 Bi Kaza akageuka kidogo kuelekea uani, ili isije ikasemwa alinong'ona. "Nifundishe, mwalimu!" akapiga kelele, akimtazama kama mtu anayetazama nzi kwenye maziwa.

Cherehani ikatolewa chumbani, ikawekwa mezani. Profesa alionyesha kwa kidole, Bi Kaza akashona: mstari mmoja kupitia vitanzi vya katikati, mstari wa pili kando yake, nafasi ya kitanzi kimoja kati yake. Kisha mkasi. Profesa aliushika, akaupeleka kwenye pindo la chini, akausimamisha.  Aliutoa. Akaupeleka tena.

"Umewahi kukata?" Bi Kaza akauliza, sauti ya chini ya kweli safari hii.

"Nimeona watu wakikata."

"Wangapi?"

"Wawili. Mmoja alilia."

Bi Kaza akamtazama, akajaza mapafu atukane, na matusi mazuri yalimjia mengi tu, lakini yangekula muda. Akamnyang'anya mkasi. Akaanza. Ni sauti mbaya sana ile, ya mkasi kwenye sufu uliyoifuma mwenyewe mwezi mzima. Mke wa daktari wa meno aligeukia ukutani. Bi Kaza alikata bluu, akafika kwenye maua, na pale mkasi ulipoingia katika nyuzi za nyuma zilizokazwa, zilikatika kwa mlio, moja moja, na kila mkasi uliposhika uzi uliofuata sweta liliachia kidogo pande zote mbili, mpaka mlango mzima ukawa wazi. Wakangoja lifumuke. Halikufumuka. Vitanzi vilishikwa na mshono, vikakaa kimya.

"Mapindo sasa," Profesa akasema, amepata sauti yake. "Ninyi mnashangaa nini? Leteni uzi wa bluu. Wifi, shika upande wa kulia, mimi wa kushoto. Tukifuma wote wawili jua litatua tumemaliza."

Wakaketi kwenye kochi moja, jambo ambalo halijaonekana tangu harusi ya Bi Kaza mwenyewe, sweta limetandazwa magotini mwao, kila mmoja na sindano yake upande wake. Nyumba ikarudia kelele zake. Walifuma alasiri nzima, na hawakunyamaza hata dakika.

"Vitanzi vingapi umeokota?"

"Tisini."

"Nami tisini. Usikaze."

"Na wewe usilegeze."

"Nakwambia usikaze, wifi, ni mapindo haya."

"Fuma upande wako."

Walimaliza jioni, bado kuna mwanga. Vifungo vilitoka kwenye kanzu ya mume wa Bi Kaza, ambaye hakuulizwa. Binti akavua la shangazi, akavaa la mama, akalifunga kifungo kimoja baada ya kingine. Kifua kilitosha. Mabega yalitosha. Lilikuwa sweta, na lilikuwa limevaliwa.

Ila lilikwenda upogo. Pindo la kulia, lililokazwa, lilikuwa fupi. Pindo la kushoto, lililolegezwa, lilining'inia chini yake kwa vidole vitatu kamili. Mtu akimtazama binti kwa mbele, alionekana kama amesimama kwenye ngazi.

Binti alijitazama kwenye kioo cha kabati, upande huu, upande ule. La shangazi alilikunja akalitia sandukuni. La upogo hakulivua. "Nitapanda nalo hili," akasema. "Hivi hivi lilivyo. Na atakayeligusa nampigia yowe."

Wakamsindikiza uwanja wa ndege Jumatatu, gari mbili. Kwenye vioo vile vya kuingilia wasafiri binti aligeuka akapunga mkono, sweta likapanda upande mmoja na kushuka upande mwingine, akaingia na hakuonekana tena. Mume wa Bi Kaza alijifuta macho na gazeti. Wale wanawake wawili walibaki wamesimama palepale, wanatazama kioo kisicho na mtu.

"Ni la kushoto limeharibu," Bi Kaza akasema.

"Ni la kulia," Profesa akasema. "Mtoto kapanda ndege kiwete kwa ajili yako."

"Pindo gani lile? Utambi wa jiko."

"Bora utambi. La kwako ni mkanda wa polisi."

Askari wa mlangoni aliwaomba wasogee, wanazuia watu. Wakasogea, hatua mbili, wakaendelea.